Ziwa Halijamrudisha

Usiku wa tarehe 2 Septemba 1895, mashua ya tanga iliyoitwa Sheriff ilizama kwa dhoruba upande wa kusini wa Ziwa Nyasa. Ndani yake alikuwamo Chauncy Maples, askofu wa Kianglikana aliyewekwa wakfu London tarehe 29 Juni mwaka huohuo. Alikuwa njiani kwenda Likoma, kisiwa kilicho kusini ya hapa kwetu Mbamba Bay, kuanza uaskofu wake. Alikuwa na umri wa miaka 43. Kanzu yake ndefu ililowa ikamvuta chini. Mabaharia Waafrika walitaka kumwokoa, naye akawaambia wajiokoe wenyewe. Wao walifika nchi kavu. Yeye na mwenzake, Joseph Williams, hawakufika. Mwili wa askofu uliokotwa, ukazikwa Nkhotakota, ambako leo ni Malawi.

Siku chache kabla ya hapo, padre George Atlay alikuwa ameuawa na wapiganaji wa Kingoni kwenye vilima vya mashariki ya ziwa. Bunduki yake ilikutwa bado imejaa risasi. Hakutaka kumpiga mtu. Kwa hiyo ndani ya muda mfupi sana kanisa hili changa la Nyasa lilipoteza padre na askofu. Na msidhani halikuwa linaomba. Askofu mpya anaposafiri kwenda jimboni kwake, watu humwombea kwa jina, asubuhi na jioni, kule anakotoka na kule anakokwenda.

Naanza mbali hivi kwa sababu swali ninaloulizwa misibani, watu huliuliza kana kwamba ni geni. Wanaliuliza kwa sauti ya chini, kama wanaotaja jambo la aibu: Mwalimu, tuliomba, mbona hakusikia? Kanisa ambalo tunaliulizia swali hilo, hapa Mbamba Bay na mwambao wote hadi Lituhi, limeanzishwa na watu ambao maombi yao mengi hayakujibiwa. Wengine wamelala chini ya maji haya.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kanisani ni msomaji. Padre wetu ana makanisa mengi ya kuzungukia. Akiwa mbali ndimi ninayeongoza sala, na mara nyingi ndimi ninayesimama kaburini. Nimewazika watoto wa malaria, mama waliokufa kwa uzazi, wazee walioshiba siku zao. Na wavuvi. Lakini yupo mmoja ambaye sikumzika, naye ni mdogo wangu, tumbo moja.

Alikuwa mvuvi wa usipa. Kwa msomaji asiyelijua ziwa letu, usipa ni samaki wadogo wa jamii ya dagaa, wanaovuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Enzi za baba yetu walitumia karabai. Siku hizi ni taa za betri zinazochajiwa kwa sola. Taa inawekwa juu ya maji, usipa wanaufuata mwanga, wavu unapita chini yao. Ukisimama ufukweni usiku kama huo utaona taa zimejipanga mbali, ungedhani kuna mji ng'ambo ya pili.

Ilikuwa Juni, mwaka ambao lami kutoka Mbinga ilikuwa bado haijatufikia. Juni ni katikati ya majira ya mwera, upepo wa kusini unaovuma kuanzia Mei hadi Agosti. Wageni huja wakidhani ziwa ni maji yaliyotulia. Ziwa hili lina urefu wa kilometa zipatazo 580, na kina chake kinafika mita 700. Upepo ukipata uwanja wa kukimbilia mrefu kiasi hicho, mawimbi yanayofika kwetu si ya kuchezea. Walitoka vijana wanne. Alfajiri wawili waliokotwa wameng'ang'ania mtumbwi uliopinduka, mikono imekufa ganzi, hawawezi hata kuiachia mbao. Wa tatu alipatikana kesho yake kwenye mawe, kusini ya ghuba, tukamzika. Wa nne ni mdogo wangu, na hadi ninapoandika ziwa halijamrudisha.

Tulitafuta. Kila mwenye mtumbwi aliingia majini, na wenye injini walijitolea mafuta. Tulipiga simu Lundo na Liuli, tukapiga Chiwindi mpakani na Msumbiji, tukatuma salamu hadi Nkhata Bay, maana maji haya hayajui mpaka na mara nyingine mtu anayetoka kwetu huokotwa Malawi. Siku za mwanzo tuliomba awe hai, ametupwa na mawimbi ufukwe fulani, analishwa na watu wema wasio na simu. Baadaye tuliacha kuomba hivyo bila mtu kutamka kwamba tumeacha. Tukabaki na ombi moja dogo: tumpate tumzike.

Mama yetu alikuwa amenunua shuka jeupe, jipya, akalikunja na kuliweka juu ya sanduku. Na kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha moto wa uji, alichemsha sufuria kubwa ya maji ya kumwoshea. Wanawake waliolala msibani walimwona na hawakumwambia kitu. Maji yalipoa, jioni yakamwagiliwa mchicha, asubuhi akachemsha mengine. Mjue kwamba haya yalifanywa na mama mwenye akili timamu, mshiriki wa kanisa tangu utoto wake, ambaye baba yake alikuwa katekista. Alikuwa anaomba kwa mikono yake.

Wakaja wafariji. Wengi walikuwa wema na sitawasahau: waliopika, waliochota maji, waliokaa mkekani na sisi usiku kucha bila kusema zaidi ya pole. Wengine walikuja na maneno. Kazi ya Mungu haina makosa. Mungu amempenda zaidi. Kuna sababu, mtaiona. Sisemi kwamba maneno haya yote ni ya uongo. Nasema kwamba nimeyasikia mara nyingi mno yakitumika kumnyamazisha mfiwa ili msemaji apumzike, na ninaomba tuyapunguze.

Akaja pia mhubiri mmoja aliyekuwa amefunga turubai lake karibu na soko. Huyo alisema kwamba mdogo wangu amefungwa na roho za majini, na kwamba mama akitoa sadaka ya kujimaliza, mwili utaelea. Mama aliuza mbuzi. Mwili haukuelea. Mama aliporudi kumweleza, akajibiwa kwamba alitoa huku anasitasita moyoni, ndiyo maana mbingu zilikataa. Mama yangu, ambaye hakuwahi kukosa Kwaresima hata moja, alirudi nyumbani akiamini kwamba ni yeye anayemzuilia mwanawe chini ya maji. Upande mwingine wapo waliotunong'oneza twende kwa mganga tukamjue mbaya wetu. Kati ya mhubiri huyo na waganga hao sioni tofauti kubwa. Wote wanamwahidi mfiwa sababu, na sababu yenyewe lazima iwe mtu: ama jirani yako, ama wewe.

Nimekasirika kwa jambo hilo na sijaacha kukasirika. Atakayesema kwamba ombi lisilojibiwa linathibitisha imani haba, na aende Gethsemane kwanza. Huko Bwana wetu aliomba kikombe kimwepuke, akaomba tena, akaomba mara ya tatu, na kesho yake akasulubiwa. Kisha amsome Paulo, aliyeomba mara tatu aondolewe mwiba mwilini, akapewa neema ya kukaa nao. Daudi alilala chini akifunga kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa, na mtoto akafa siku ya saba. Nao wale mashujaa wa imani wanaohesabiwa katika Waebrania sura ya 11, ambao tunapenda kuwataja kwa ushindi wao, mwandishi anamalizia kwa kusema wazi kwamba hawakuipata ahadi. Je, imani ya hao wote ilikuwa haba?

Mama aliacha kuomba. Sikusema aliacha kanisa. Jumapili alikuwa wa kwanza kufika, akikaa benchi lake la upande wa wanawake, karibu na nguzo. Lakini wakati wa maombi, kinywa chake kilikuwa kimefungwa. Hakuitikia, hakuimba, hata Baba Yetu hakusema. Nikiwa mbele na kitabu nilimwona. Siku moja nilimfuata nyumbani nikiwa na hofu ya mtoto na ya msomaji pamoja. Nikamuuliza. Akanijibu, "Ninyi ombeni, mwanangu. Mimi nipo."

Nimeyafikiri maneno hayo kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kuyasikia. Hakusema haamini. Hakusema anaamini. Alisema yupo. Nami hali yangu haikuwa bora. Tofauti ni kwamba nilikuwa na kitabu mkononi. Kanisa letu la mwambao, lililolelewa na misheni ya Kianglikana ya UMCA, ni la watu wa kitabu cha sala. Wenzetu wa makanisa mengine hutucheka kwamba tunasoma maombi badala ya kuomba kwa roho. Lakini jioni nyingi za mwaka ule sikuwa na neno langu hata moja la kumwambia Mungu, na kitabu kilinipa ya watu waliokufa zamani. Nikayasoma kwa sauti kavu, na wenzangu wakaitikia amina kwa niaba ya mama na kwa niaba yangu. Nadhani hiyo ndiyo kazi ya kanisa ambayo hatuihubiri vya kutosha. Wakati mmoja unaomba, wakati mwingine unaombewa umekaa kimya karibu na nguzo.

Jambo hili si la wanyonge wa Mbamba Bay peke yao. Mwaka 2007 zilichapishwa barua za Mama Teresa wa Calcutta, naye alikuwa amefariki miaka 10 kabla. Dunia ikashangaa kuona kwamba mwanamke yule, aliyekuwa akiwaokota wanaokufa barabarani, aliishi miongo mingi akiomba bila kuhisi kwamba yupo anayesikiliza. Aliwaandikia mapadre waliomwongoza juu ya giza hilo, kisha asubuhi akaamka akaenda kazini. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 2016, na barua hizo halikuzificha.

Lakini mimi hupenda zaidi kuwakumbuka wa karibu. Misheni iliyotuletea Injili ilishindwa vibaya mara ya kwanza. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alifika mto Shire mwaka 1861. Januari 1862 mtumbwi wake ulipinduka na dawa zote za homa zikapotea majini. Tarehe 31 mwezi huohuo akafa kwa homa kwenye kisiwa kidogo cha mtoni, dawa ikiwa chini ya maji. Wenzake kadhaa nao walikufa, waliobaki wakaondoka, na misheni ikahamia Unguja. Aliyetazama wakati ule angeandika kwamba Mungu amekataa.

Ilipita karibu miaka 20 kabla mtu wao hajalifikia ziwa. Huyo ni William Percival Johnson. Walitoka pamoja na Maples, marafiki tangu chuoni Oxford, wakafika Afrika Mashariki mwaka 1876. Johnson aliposhuka ziwani alikuwa na mwenzake, padre Charles Janson. Februari 1882, walipofika tu, Janson akafa. Kisha macho ya Johnson yakaugua. Moja likapofuka kabisa, la pili likabaki na nuru kidogo. Alirudi hivyohivyo. Akatembea mwambao huu kijiji kwa kijiji, akilala kwenye vibanda vya watu, na kwa nuru hiyohiyo kidogo akaitafsiri Biblia kwa Kinyanja. Mwaka 1895 ziwa likamchukua rafiki yake. Akakaa miaka mingine 33. Alifia Liuli Oktoba 1928, na kaburi lake lipo Liuli hadi leo. Ni kaskazini yetu, si mbali, na watu huenda kuhiji.

Hapa nataka niseme jambo ambalo wahubiri wetu wengine hawatalipenda. Baada ya Maples kufa, Uingereza zilichangwa fedha ikajengwa meli, ikapewa jina lake. Chauncy Maples iliundwa Glasgow, ikaletwa vipandevipande, ikashushwa ziwani mwaka 1901. Ilikuwa na kanisa na shule ndani, na iliwahudumia babu zetu miaka mingi. Nimesikia ikihubiriwa kwamba Mungu alimchukua askofu ili atupe meli. Sikubali. Meli ni jambo jema, na askofu aliyekufa maji ni jambo baya, na la kwanza si malipo ya la pili. Mama yake Maples hangelikubali badiliko hilo, wala mama yangu hangelikubali. Waliojenga meli walifanya yanayofaa kufanywa na watu waliofiwa: walishika kazi ambayo marehemu aliiacha. Hawakusema kwamba sasa wameelewa.

Kati ya wale wawili waliookolewa, mmoja aliombwa na wazee wa kanisa asimame Jumapili atoe ushuhuda jinsi Mungu alivyomtoa majini. Kijana alisimama, akatazama benchi la mbele ambako shemeji yangu alikuwa amekaa na watoto, akakaa tena. Baadaye aliniambia, "Mwalimu, nitamshukuru Mungu nyumbani." Wazee walimwona hana shukrani. Mimi nilimwona anayo, na pia anayo adabu.

Binti wa marehemu, ambaye wakati ule alikuwa darasa la sita, aliniuliza swali lile kwa namna ambayo watu wazima hawathubutu. "Baba mkubwa, wale wawili waliombewa na nani ambaye baba hakuwa naye?" Nikamwambia ukweli: waliombewa na watu walewale, usiku uleule, na bibi yako mmojawapo, ambaye huwaombea wavuvi wote kila akiona taa. Akasema, "Basi si suala la kuomba." Nikamwambia ni kweli, si kwamba waliookoka waliombewa vizuri zaidi. Yupo sekondari sasa. Kanisani anakuja akipenda, na sijawahi kumlazimisha, kwa sababu mtoto anayemuuliza Mungu swali la haki hajamwacha.

Lililombadilisha mama halikutoka kwangu. Alikuja kunitafuta mwenyewe, miezi imepita, mvua za kwanza zimeanza, akasema katika utoto wake alimsikia babu akisoma mahali fulani kwamba bahari itawatoa watu wake. Nimtafutie. Nikamtafutia. Ni Ufunuo sura ya 20, mstari wa 13, pale Yohana anapoona bahari ikiwakabidhi wafu waliomo ndani yake. Nilimsomea polepole. Akaniambia nirudie. Kisha akauliza kama ziwa limo katika hesabu hiyo. Nikasema kwa Yohana maji yote makuu ni bahari, nao babu zetu wengi waliiita Nyasa hivyohivyo, maji makuu.

Nikamweleza tena jambo ambalo wengi hawalijui: Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha mwaka 1662, ambacho ndicho mzizi wa vitabu vyetu, kina sala ya maziko kwa ajili ya wanaozikwa baharini. Badala ya kuutaja udongo, kuhani husema mwili unatolewa kwa kilindi, ukingoja siku ambayo bahari itawarudisha wafu wake. Zaidi ya miaka 350 kanisa limekuwa na maneno kwa ajili ya mtu kama mdogo wangu. Mama alisikiliza hayo yote, akasema, "Kwa hiyo nililoomba halijakataliwa. Halijafika siku yake." Mimi sikusema kitu. Sina hakika kwamba mtu mwingine yeyote angekuwa na haki ya kumwambia maneno hayo. Yeye alikuwa nayo.

Naomba tuelewane. Mama hakuacha kulia. Mwera ukianza kuvuma usiku huamka akakaa kitandani, hata leo. Na tumaini la Kikristo, kama ninavyolielewa, halisemi kwamba kilichopotea hakikuwa na thamani kubwa. Linadai kirudishwe. Yesu mwenyewe alijua atamfufua Lazaro, na bado alipomwona Mariamu na waliofuatana naye wakilia alilia. Martha na Mariamu kila mmoja kwa zamu yake alimlaumu kwamba angewahi kufika ndugu yao asingekufa. Hakumkemea hata mmoja kwa kusema hivyo.

Muda si mrefu baada ya hapo, mvuvi wa kijiji kingine aliokotwa ufukweni kwetu. Ndugu zake walifika na baiskeli, watu wa hali ya chini, hawana hata sanda. Mama aliingia ndani akatoka na lile shuka jeupe lililokuwa juu ya sanduku. Akachemsha maji. Waliomwosha yule kijana ni wanaume wa kwao, lakini maji yalikuwa ya mama. Jioni hiyo kwenye sala ya msiba niliisikia sauti yake ikiitikia. Shuka jingine hakununua.

Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu wote, katika makanisa yetu ya mwambao majina husomwa. Kila familia inaleta yake kwenye karatasi, mimi nayanakili kwenye daftari la kaunta, na padre, au mimi akiwa hayupo, anayasoma yote mbele ya madhabahu. Inachukua muda mrefu. Watoto wanachoka, wazee wanasinzia, lakini kila ukoo unaamka likifika lake. Humo wamo hata wa meli ya Vipya, iliyozama upande wa Malawi Julai 1946 na kuua watu 145. Ipo familia moja kwetu ambayo bado huleta jina la babu yao. Mwaka wa kwanza mama alinikataza kuliandika la mdogo wangu. Alisema kumwandika humo ni kumzika bila mwili. Mwaka uliofuata aliniletea karatasi yenyewe, imeandikwa na mjukuu wake kwa mwandiko mzuri wa shule, jina la ubatizo kwanza, kisha la ukoo.

Sasa kuna jambo ninalolipigania, na nitaliandika hapa ili lijadiliwe pia kwingine. Misibani kwetu kwaya huimba nyimbo za ushindi tangu maiti inapotoka ndani hadi inapofunikwa. Zaburi zinazosomwa ni zilezile za mchungaji na malisho. Ni nzuri, sizipingi. Lakini katika Biblia kuna Zaburi ya 88, ambayo mwenye kuiomba anamwambia Mungu kwamba amemlilia mchana na usiku, anamuuliza kwa nini anauficha uso wake, na anamaliza gizani bila kupata jibu. Haina mstari wa faraja mwishoni. Waliokusanya Zaburi waliiona, wakaijua ilivyo, wakaiacha humo pamoja na zile za shangwe. Kwa nini basi sisi tunaificha kwa watu wanaoihitaji? Mfiwa akisikia kanisani maneno yaleyale yanayomwaka kifuani, atajua kwamba anaweza kuyasema humohumo ndani, badala ya kutoka nje kuyasema turubaini kwa mtu.

Padre amekubali isomwe, yote, bila kukatwa. Mzee wa kanisa mmoja anapinga. Anasema tutawavunja moyo waliokwisha kuvunjika, na tutawapa vijana ruhusa ya kumnung'unikia Mungu. Ni mtu mcha Mungu, naye pia alimzika mtoto, kwa hiyo namsikiliza. Nimemwambia kwamba vijana wananung'unika tayari, na ni afadhali wamnung'unikie Mungu kuliko kunung'unika wakiwa wamempa kisogo. Hajakubali. Tumepanga kulizungumza tena kwenye kikao kijacho cha wazee, na mama ameomba nafasi ya kuja kusema.